Bi Sichana Silima Aiaga Sabuni ya Kilua

Baada ya kuitumikia Sabuni ya Kilua kwa miaka ishirini na saba, Bi Sichana binti Silima anastaafu leo, Jumamosi, tarehe 30 Juni 1956. Aliingia kiwandani petu hapa Funguni mwaka 1929 akiwa mvunja nazi. Anatoka akiwa mkaguzi wa sabuni. Katika muda wote huo hakuna tajiri, karani wala mpika sabuni aliyenusurika na ulimi wake. Mwandishi wa maneno haya, Masoud, karani wa daftari la ukaguzi, hakunusurika pia, na khabari yake inakuja.

Bi Sichana ni mzaliwa wa Mkokotoni na mkaazi wa Ng'ambo. Ukaguzi wake haukutoka kitabuni. Kila Alkhamisi alichukua mche mmoja wa sabuni mpya, akafua kanga yake uani kwa kiwanda, akaianika, na ikishakauka akaizika pua ndani yake kwa muda mrefu mpaka mafundi wakaanza kutetemeka. Kanuni yake ilikuwa moja tu: nguo ya majaribio haifukizwi udi. Kwa mji huu, ambamo hakuna mwanamke anayetoa nguo sandukuni bila kuifukiza, hilo si jambo dogo. Lakini yeye alishikilia kwamba udi unaficha kila kitu.

Hakuna aliyeipenda Kilua kuliko yeye. Akialikwa harusini, alikwenda na miche miwili ndani ya kikapu. Akimkuta jirani na sabuni ya nje, alimsuta mpaka mwenyewe aone haya. Na bado, mferejini, mbele ya wanawake wote na ndoo zao, alisema wazi kwamba Kilua inayeyuka upesi, isisahauliwe ndani ya beseni, na kwamba karatasi yake inafaa kufungia karanga tu. Tajiri wetu, Bwana Gharib, alimwita mara tatu kumkanya. Kila mara Bi Sichana alirudi mferejini akayasema yaleyale, akaongeza kwamba tajiri kamkanya.

Sasa tufike kwenye aibu yangu. Ramadhani ya mwaka 1954 iliangukia masika. Jua lilikuwa adimu, kwa hiyo nazi zetu zilikaushwa juu ya moto wa makumbi ya nazi, na mafuta yake yakatoka na moshi ndani. Bi Sichana alikuwa kwao Mkokotoni, kafiwa na kaka yake, na ukaguzi ukaniangukia mimi. Mimi, mwanamume mzima, nifue? Ah! Nikapeleka mche nyumbani, na mke wangu Kidawa akafua kanzu yangu. Naye, masikini, kwa mapenzi yake, akaifukiza udi barabara, kwani ilikuwa kanzu ya Ijumaa. Kanuni niliijua, kumwambia sikumwambia. Nikaivaa, nikanukia kama bwana harusi, nikaandika daftarini: safi. Makasha mia mbili yakafungwa kwenda kuuzwa Pemba kabla ya Idd.

Bi Sichana alirudi Jumatano, akafua hiyohiyo siku. Kesho yake asubuhi Bwana Gharib alikuwa ofisini na mnunuzi kutoka Pemba, Bwana Mcha, kalamu tayari mkononi kutia saini karatasi ya ununuzi. Soko letu lote la Idd kule Pemba lilikuwa katika karatasi ile. Bi Sichana akaingia, akapiga hodi akiwa keshaingia, akaitandaza kanga yake juu ya karatasi. "Nnaipenda sabuni hii kuliko nyie nyote," akasema, "na hii inanuka jiko. Watu wakasali Idd wananuka jiko?"

Bwana Mcha aliinusa kanga, akafunga kalamu, akaaga. Idd ile Wapemba walifulia sabuni ya watu wengine, na sabuni ya makasha yetu yote ikarudishwa chunguni kupikwa upya. Bwana Gharib hakusema na Bi Sichana kwa siku nne. Mafundi walimnunia, na mimi nilikuwa wa mbele, maana nilijua kosa ni langu na nilitaka mtu wa kumchukia. Wallahi, nilimchukia.

Siku ya tano tajiri akalifungua daftari, akauliza ni nani aliyeandika safi. Jina langu lilikuwa pale, kwa mwandiko wa kupendeza. Nina watoto watatu, nikaona nimekwisha. Kabla sijafungua mdomo, Bi Sichana akasema kwamba mwandiko wangu mzuri, niachiwe daftari, ila nipewe na beseni.

Basi tangu siku ile, kila Alkhamisi, nimefua uani kwa mikono yangu miwili, wapakizi wakinicheka, na yeye kasimama pembeni akinifundisha kusugua ukosi. Mfungo Tatu, mwezi wa Idd Kubwa, ikaja barua ya Bwana Mcha: anataka makasha mia tatu, kwa sharti yule mama ayanuse kwanza. Bwana Gharib aliisoma mbele yetu sote, kisha akamwomba radhi Bi Sichana. Yeye akamjibu kwamba karatasi ya kufungia bado mbaya. Karatasi tumeibadilisha mwaka jana. Kuyeyuka, sabuni bado inayeyuka, na Bwana Gharib mwenyewe ameruhusu jambo hilo lichapwe hapa.

Bi Sichana, mama yetu, ahsante. Kidawa na watoto wanakusalimu, na wanajua riziki yao ilinusurika kwa neno lako. Alkhamisi ijayo nitafua peke yangu, na sioni haya kusema kwamba naogopa. Sote hapa Funguni tunakuombea siha, raha na umri mrefu. Na siku tutakapoharibu, tafadhali, usitusitiri.