Harufu ya Mabibo Katika Bilauri ya Bia

Ndugu zangu, kwa nini Mungu hakunirudishia ladha mezani pake, nilipopiga magoti kupokea divai takatifu, akanirudishia sebuleni kwangu, mtaani Chuno, kwa bilauri ya bia? Nimetafakari, nimeomba; sijapata jibu. Hata hivyo jina lake litukuzwe! Nimesimama kulisema lililotendeka, si kulieleza.

Wengi mnanijua kwa siki. Tangu nilipomaliza masomo ya sayansi ya chakula chuo kikuu, kazi yangu imekuwa kukamua mabibo, yale matunda ya mkorosho ambayo wakulima wengi huyaacha yaoze chini wakishaondoa korosho yake. Maji yake hugeuka pombe kwanza, kisha siki, na katika safari hiyo hakuna kipimo ninachokiamini kuliko pua.

Kisha nikaugua homa kali. Nikapona, lakini harufu haikurudi, wala ladha. Ndugu zangu, msidhani ni jambo dogo! Wali wa nazi ulikuwa pamba. Samaki alikuwa karatasi yenye miiba. Siku moja niliwapikia wanangu mchuzi wa tui lililochacha, nikala nao huku nikishangaa mbona wamenyamaza; hawakutaka kuniumiza. Daktari aliniambia kwa upole kwamba mishipa ya harufu huenda ikapona, huenda isipone. Nilifunga, niliombewa, nilipakwa mafuta. Wapi! Siki ikaniharibikia pipa baada ya pipa, nikaanza kuwaambia watu kwamba naacha kazi. Pamoja na kazi nilikuwa naacha kitu nisichothubutu kukitaja: imani kwamba nikiomba, nasikilizwa.

Jumapili moja, katikati ya msimu wa korosho, kaka yangu Damiani, anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, alikuja na chupa aliyozawadiwa na baharia wa meli ya kigeni. Alikuja pia na mjomba wetu wa kijijini Ziwani, mtu wa maneno, aliyekulia kwenye uraka, pombe yetu ya mabibo. Damiani akaeleza kwamba hii ni bia kali ya mtindo wa Ubelgiji, iliyolazwa pamoja na matunda ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni.

"Pombe inalazwa kama mgonjwa?" mjomba akauliza.

"Inalazwa, mjomba. Hata mwaka mzima."

"Basi imeshapona. Mimina."

Lakini hakuinywa. Kwetu mgeni hanywi kabla mwenyeji hajaonja mbele yake.

"Mwenye nyumba atoe sumu kwanza," akasema, macho kwangu.

"Mjomba, mimi sinywi pombe. Na hata ukinimiminia mafuta ya taa sitayajua."

"Ndiyo vizuri, mpwa wangu. Wewe ukianguka, sisi tutajua."

Tulicheka. Nikainua bilauri kwa adabu tu, bila kutarajia lolote.

Kwanza ulikuja moto kifuani. Kisha, ee Bwana, kitu chembamba kikapanda nyuma ya pua! Uchachu wa tunda jekundu nisilolijua. Nyuma yake mti, kama ubao uliotoka kupigwa randa, ndani ya giza tamu la sukari iliyoungua. Na katikati ya hayo yote, harufu ninayoijua kama sauti ya mama yangu: mabibo yaliyoiva, yaliyoanguka mchangani baada ya mvua. Hakukuwa na bibo katika chupa ile! Nimesoma kemia, naweza kuwaeleza jinsi matunda ya nchi mbili yanavyoweza kufanana harufu yakichacha. Elimu hiyo haikunisaidia kusimama. Nilikaa sakafuni nikilia.

"Damiani, umemuua dada yako!" mjomba akaruka.

"Inanukia, mjomba," nikasema. "Inanukia!"

"Inanukia nini?"

"Kila kitu."

Mjomba akaichukua bilauri mkononi mwangu, akanusa, akaonja, akaonja tena. "Haiufikii uraka," akasema, akaimaliza.

Ndugu zangu, sikurudishiwa vyote. Kahawa bado ni maji ya moto kwangu, na kuna siku pua hufunga tena. Siwaiti mkanywe bia, sijainywa tena. Nawaita mumtumaini yeye ambaye hakuniomba ruhusa kuhusu mlango wa kuingilia. Wewe uliyechoka kuomba, usimchagulie Mungu chombo. Asante Bwana, asante kwa lile funda moja!

Jioni ile ya bia niliamua kuirudia siki. Asubuhi iliyofuata nilikwenda Ziwani na vikapu vyangu, shambani kwa Bi Somoe, ambaye siku zote hunipa mabibo kwa sharti kwamba yatakuwa siki, yasiishie kuwa pombe ya mtu.

"Si ulisema umeacha wewe?" akaniuliza, hata kabla ya kunikaribisha.

"Nilisema, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi njoo upande huu, huko mbuzi wameshapita."

Tukainama, tukaokota mabibo mpaka jua likatuchoma mgongoni.