Mama Isabela, Aliyeuliza Kwa Nini Wanaiba

Marehemu Dominika Vitalis, tuliyezoea kumwita Mama Isabela, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Lukuledi, wilayani Masasi, mtoto wa mwisho wa Mzee Vitalis na Mama Anastasia.

Alianza shule palepale Lukuledi, akaendelea na sekondari Masasi. Akiwa huko, mwaka 1980, kaka yake Damas alifungwa kwa kuiba korosho za tajiri aliyemwajiri kuziokota. Dominika alilia, kisha akamuuliza baba yake, "Tumelelewa nyumba moja. Kwa nini yeye?" Swali hilo ndilo lililompeleka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea sosholojia, akahitimu mwaka 1987.

Aliajiriwa kuwa Afisa Maendeleo ya Jamii, kwanza Newala, baadaye Masasi. Tarehe 7 Oktoba 1989 alifunga ndoa Newala na Mwalimu Ferdinand, aliyefariki mwaka 2010. Walijaliwa watoto wawili.

Wengi watamkumbuka kwa tukio la mwaka 2012, katika kijiji kimoja jirani na Chiwata. Kijana aitwaye Hamudi alikamatwa na gunia la korosho la Mzee Mahmudu. Watu walikwisha kuleta tairi. Mama Isabela alipenya, akasimama mbele ya kijana.

"Mama Isabela, ondoka hapo! Huyu ni mwizi," alisema Mzee Mahmudu.

"Shikamoo kaka. Ni mwizi, na atakwenda polisi kwa miguu yake. Mkimchoma huyu, msimu ujao mtamchoma nani?"

Hakuondoka mpaka polisi walipofika.

Baada ya hapo alihudhuria mkutano wa kijiji kila ulipoitishwa, akirudia yaleyale. Aliwaambia kuwa umaskini peke yake hauibi. Maskini wengi hawagusi cha mtu. Hatari ni pengo. Kijana anaonyeshwa kila siku nyumba ya bati, pikipiki na heshima, anaambiwa ajitahidi, halafu ardhi yote ina wenyewe na kazi hapati. Huyo huanza kuona sheria ni ya wenye mali, na kijiji si chake. "Mpeni cha kupoteza," alisema, "naye atakilinda." Wengine walimzomea. Hatimaye kijiji kiliwagawia vijana mikorosho iliyotelekezwa, na Mzee Mahmudu mwenyewe akanyoosha mkono kuunga mkono.

Hamudi alipotoka gerezani alipewa eneo lake, akaiba tena, akafungwa tena. Watu walimcheka Mama Isabela. Yeye alipanda basi kwenda kumtembelea gerezani, na alipoachiwa alimrudisha shambani kwa mkono wake. Safari hii alitulia. Leo ana familia. Wizi haukwisha, lakini ulipungua, na tairi halikuletwa tena.

Alistaafu mwaka 2021, akarudi Newala. Kisukari kilimsumbua muda mrefu, na mwaka 2024 alikatwa mguu. Isabela alipomsihi apumzike asiende kikao cha vijana, alijibu, "Mwanangu, kikao ni cha mdomo, si cha miguu. Nipakieni." Wakampakia. Alifariki nyumbani kwake Newala alfajiri ya tarehe 9 Juni 2025, mikononi mwa wanawe.

Ameacha watoto wawili, Isabela na Vitalis, wajukuu watano, kaka yake Damas, na vijana wengi waliomwita mama.

Mungu ampe pumziko la amani, yeye ambaye duniani hakulikubali.