Mwalimu Yeshiareg Tirfe na Gabi ya Mjane

Mwalimu Yeshiareg Tirfe alizaliwa Debre Werk, Gojam, tarehe 12 mwezi wa Hidar 1939 kwa kalenda yetu ya Ethiopia, mtoto wa tatu wa Merigeta Tirfe Belay na Weyzero Mantegbosh Ayele. Baba yake aliwafundisha wanafunzi wa kanisa mashairi ambayo maana yake ya juu huitwa nta na ya ndani dhahabu. Wasichana hawakukaa darasa lile. Yeshiareg alichambua dengu nje ya ukuta, masikio yakiwa ndani.

Alisoma sekondari Debre Markos, akahitimu fasihi Addis Ababa mwaka 1962, kisha akafundisha Bahir Dar hadi alipostaafu mwaka 1996.

Tarehe 20 Tir 1965 alifunga ndoa na Ato Kassahun Dilnesa, mwalimu wa historia. Walijuana kwa ubishi. Kassahun alishikilia kwamba shairi halieleweki mpaka umjue mtunzi na zama zake. Yeshiareg alimjibu kwamba mtunzi keshaondoka, yaulizwe maneno. Ndoa haikuumaliza ubishi ule, ila iliupatia kahawa.

Mwezi wa Sene 1990 Yeshiareg aliitwa kusahihisha mtihani wa taifa. Watahiniwa walikuwa wamepewa beti hii kuhusu gabi, shuka letu zito la pamba la kujifunika:

*Njoni muione gabi, alosokota mjane;*
*Imefumwa kwa upana, wawili wafunikane.*

Mwongozo ulitaka jibu moja: mjane anamlilia marehemu mumewe. Binti mmoja kutoka Wollo akaandika kwamba mjane anatafuta mume mwingine, kwa kuwa maiti haambiwi "njoni". Wenzake Yeshiareg walicheka, wakampa sifuri. Yeye alikataa kutia sahihi.

"Mwalimu, mwongozo ni mwongozo," alisema mwenyekiti, Ato Endale. "Utatuchelewesha kwa ajili ya mtoto mmoja?"

"Mwongozo haukutunga shairi, kaka yangu. Nionyeshe neno linalomkanusha huyu mtoto, nami nitasaini."

Ato Endale akatafuta, asilione. Msahihishaji mmoja akaeleza jinsi mila za enzi zile zilivyowabana wajane, wasiweze kutamka wazi kwamba wanataka mume. Mwalimu mwingine, mwanamke, akauliza kwa nini kila mjane wa kwenye vitabu lazima alie. Kila mmoja aliliendea shairi kwa njia yake, na hakuna njia iliyomfukuza binti yule. Jioni Ato Endale alifuta sifuri kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka uliofuata mwongozo ukabadilishwa: fasiri yoyote inayotetewa kwa maneno ya shairi ipewe alama. Mpaka leo watoto wetu wanasahihishwa hivyo. Yeshiareg alirudi nyumbani akiimba tangu kituo cha basi, na Kassahun, aliyesikia kwamba mila za kale nazo zilisaidia, alidai nusu ya ushindi.

Mwaka 2011 Yeshiareg alianza kuugua figo. Kassahun alimsomea mashairi kila asubuhi. Siku moja alimwambia, "Mama Hirut, nimekubali. Maneno yanatosha."

"Usikubali sasa," alimjibu. "Nitabishana na nani?"

Basi Kassahun akakataa tena, wakaendelea. Mwalimu Yeshiareg alifariki nyumbani kwake, Bahir Dar, asubuhi ya tarehe 9 Miazia 2013, katikati ya shairi ambalo walikuwa hawajaafikiana.

Ameacha mume, Ato Kassahun; watoto wawili, Hirut na Dagmawi; wajukuu watano; dada yake, Weyzero Tiruwork; na wanafunzi waliojaa uwanja huu wa kanisa hadi barabarani, wote wakijua kutetea wanachokisoma.

Mungu ampe pumziko la amani, kwa maana kazi aliimaliza, na alishinda.