Bwana Mapovu, Aliyebishana na Kila Skrini

Kaka yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Mapovu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mshona nguo. Mama alisema alizaliwa amekunja uso, kama mtu aliyeambiwa jambo asilokubaliana nalo.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971. Sekondari aliiacha njiani baada ya kubishana na mwalimu wa fizikia kuhusu mwangwi, akaenda kujifunza kutengeneza redio. Mwalimu alikuwa sahihi. Tulijaribu kumweleza hivyo maisha yake yote.

Mwaka 1984 aliajiriwa kwenye boti ya uvuvi kushika mashine ya kutafutia samaki, ile inayopiga sauti chini ya maji na kuchora kwenye skrini kila inachokigonga. Wenzake wakiona doa jekundu walitaka kushusha nyavu papo hapo. Yeye alipunguza nguvu ya mashine, doa likafifia, akasema ni mapovu. Mara nyingi alipatia, na hilo ndilo lililotuharibia mtu. Siku moja aliita mapovu kundi zima la samaki. Boti ya jirani ikajaza mpaka juu mbele ya macho yake. Jioni, mezani, alisema wale jamaa walibahatisha tu, akaomba chumvi.

Tarehe 12 Aprili 1986 alimwoa shemeji yetu, karani wa posta, mwenye subira ambayo hatujui aliitoa wapi.

Mwaka 2022 alianza kuumwa ubavu na kukonda. Binti yake mkubwa alipofanikiwa kumfikisha hospitali, mpimaji alipitisha kifaa tumboni, na kwenye picha ya ini likatokea doa. Mgonjwa akajiinua kwa kiwiko, akamgeukia mpimaji.

"Mwanangu, umeweka nguvu kubwa mno. Punguza. Hayo ni mapovu."

Akapunguza. Doa likabaki. Daktari akaeleza kwamba ni uvimbe, kwamba bado ni mdogo, kwamba unaweza kukatwa na kuondolewa. Marehemu akasema mashine yao imezeeka, akavaa shati, akarudi kazini. Tulimbembeleza, tukamnunia, tukamtuma hadi mwenye boti. Shemeji alimkumbusha kwamba mashine ile na yake ya botini zote zinachora kwa mwangwi wa sauti. Alijibu kwamba yake aliiseti mwenyewe.

Mwaka uliofuata alirudi chumba kilekile, safari hii akiwa amebebwa. Alitazama skrini, kisha akaomba nguvu iongezwe kidogo, auone ukingo wa lile doa. Akauona. Akamshika shemeji mkono.

"Mke wangu, siyo mapovu."

Ndilo kosa pekee tulilomsikia akilikubali, na daktari hakuwa tena na la kufanya.

Alifariki dunia nyumbani tarehe 3 Februari 2024. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na sisi wadogo zake wawili, tuliobaki na hoja nyingi zisizo na wa kuzipinga.

Kaka, pumzika kwa amani. Hili nalo usilibishie.