Daftari la Vipimo

Kwa jina la Mola Mwenye kusitiri, nasimulia niliyoyasikia basini. Mbele yangu waliketi wawili waliotoka mahakamani, kwenye shauri la kugawana mali baada ya talaka: mume, mwenye duka la ushonaji, na mke, fundi wake wa miaka kumi. Mke amelikumbatia daftari la vipimo vya wateja.

“Duka langu, vyerehani vyangu, na daftari la dukani,” mume alifoka.

“Vyerehani chukua, baba watoto. Humu mna viuno vya wake za watu, waliovua mitandio mbele yangu, si mbele yako.”

“Hakimu atanipa.”

“Mwambie asome kwanza ukurasa wa tisa. Mkewe yumo.”

Nilikohoa nisicheke. Basi likasimama, mume akalishika daftari, mke asiliachie. Mola awasitiri waliobaki humo daftarini.