Mlango Uliovuliwa Kofia

Bwana Chifu, Bwana Mwalimu Mkuu, wazee wetu, mama zangu wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, na wageni wote mliofika hapa mjini Wote: hamjambo.

Mimi ni Mumbua, binti wa Kalondu, na ninasoma darasa la nane. Kabla utepe haujakatwa, Mama ameniomba nieleze jinsi alivyopata wateja wa kwanza wa kazi yake ya kupiga taipu. Anasema akisimama mwenyewe atalia, na siku ya kufungua chumba cha pili si ya kulia.

Mwaka wa themanini na tano, Mama alikodi chumba karibu na ofisi ya chifu. Alifikiri kwamba mwenye shida huenda kwa chifu, na mwenye shida huhitaji barua. Alipaka mlango rangi ya kijani, akaandika OFISI kwa herufi kubwa, akavaa sketi yake ya buluu, akangoja. Je, nani aliingia? Hakuna. Watu waliamini ni Serikali. Mzee Nzuki, ambaye naomba anisamehe, alikuwa akifika pale anavua kofia, anauamkia mlango, kisha anavuka barabara. Siku moja nilimsikia akimwambia mwenzake, "Pita haraka. Huyo mama ndiye anayeandika majina."

Mashine ya kupigia taipu ilikuwa ya mjomba wangu wa Machakos. Alikuwa amesema kwamba ikiwa mbaazi zitavunwa kabla kazi haijapatikana, ataichukua. Na mbaazi zilikuwa zimeshatoa maua.

Basi Jumanne moja Mama alifunga chumba, akaibeba mashine mgongoni kwa leso, akaenda mahali mwethya walipokuwa wakichimba matuta. Walimcheka, wakamuuliza huyo mtoto ana miezi mingapi. Mama alishika jembe akachimba hadi saa sita. Wakati wa uji, Mama Ndila, mwenyekiti wao, alilalamika kwamba wameomba bomba la maji mara tatu kwa mdomo, na kila mara wanaambiwa warudi kesho. Mama akapindua karai, akaweka mashine juu yake, akapiga barua papo hapo, na majina ya wanawake kumi na tisa chini. Mama Ndila aligusa lake kwa kidole chenye udongo.

"Jina langu limenyooka kuliko mgongo wangu," akasema. "Kesho nataka barua ya mwanangu aliye Mombasa."

Alikuja kweli, na juma lile wakaja wengine wanne. Mjomba alipofika kuchukua mashine, alikuta benchi limejaa. Aliketi mwishoni, akangoja zamu yake, akaondoka na barua.

Mama alifuta neno OFISI, akaandika KALONDU. Hilo tu ndilo alilobadilisha mlangoni.

Chumba tunachofungua leo kina viti vitano vya wasichana watakaofundishwa taipu. Vinne vina wenyewe. Nikimaliza mtihani wangu, natumaini Mama atakumbuka cha tano.

Mama zangu wa mwethya, nawashukuru kwa jembe mlilompa siku ile. Mzee Nzuki, nakushukuru kwa kuketi mstari wa mbele, na kofia iko kichwani.

Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu.