Sukari Yetu Nzuri ya Alhamisi: Ombi la Wagonjwa wa Rovu na Sukari, Kibakwe

Mgeni rasmi, Daktari wetu, shikamoo, na mbukwenyi! Karibu Kibakwe. Pole na milima. Gari lako tumeliona likisimama mara mbili pale mteremkoni, tukasema leo mgeni atafika anasukuma.

TULIKOTOKA
Miaka mitatu iliyopita tulikuwa tisa, leo tuko arobaini na mmoja. Sote tuna rovu, yaani tezi ya shingo, na sote sukari inatusumbua. Nesi Elieth alitufundisha kwamba tezi ikichafuka, sukari nayo haitulii. Hutupima kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi.

MAFANIKIO
Tumeambiwa umetuletea cheti, kwa kuwa sukari ya Kibakwe inasoma vizuri kuliko vituo vyote. Ahsante sana, ila kisitoke kwanza kwenye bahasha.

CHANGAMOTO
Mgeni rasmi, tulikuwa tunadanganya. Mgeni akija nyumba hufagiwa, nasi tukaifagia damu. Kila Jumatano ya kuamkia kliniki tulilala bila kula, tukanywa kikombe cha shubiri na mlonge cha mama Sikudhani, muuza mitishamba wetu, ili Nesi atusifie. Siku nyingine, ugali kama kawaida!

Mwezi uliopita Mzee Bartolomayo alizidisha kikombe juu ya vidonge vyake, akaanguka kwenye foleni. Sukari ilisoma mbili, imeshuka mno. Nesi akamnywesha maji ya sukari. Alipopata nguvu, neno lake la kwanza: "Nimefaulu?" Tulicheka huku tunalia, ndipo tukasema yote. Nesi alikuwa hajui lolote. Mama Sikudhani naye msimwonee, tulimwomba wenyewe. Siku hizi ukimfuata anafoka: "Nesi kasemaje?"

MAOMBI
Tumesikia kliniki inahamishwa mwezi ujao kwa sababu Kibakwe imepona. Jamani, hatujapona! Mpwapwa mjini ni mbali, na wengi wetu hatuna miguu hiyo. Kliniki ikiondoka tutabaki na kikombe peke yake, na tutazikana. Tunaogopa, Daktari. Ombi letu ni moja: ibaki.

Mungu akupe afya, akurudishe kwa watoto wako salama, na gari lipande bila kusukumwa.

Ni sisi, Kikundi cha Wagonjwa wa Rovu na Sukari, Kibakwe. Imesomwa na Angelina, katibu. Jana Jumatano hakuna aliyegusa kikombe, na kipimo kipo mezani. Kabla hujasema neno, tupime. Naanza mimi, Daktari: kidole hiki hapa.